Nyundo ya Mtaa Mzima

Mkwe wangu hakuwa na nyumba kubwa, lakini chini ya kitanda chake kulikuwa na nyundo ambayo hakuna lori la magogo lingepita barabarani bila magogo yake kugongwa nayo. Ndiyo kazi yake, bwana misitu. Mti ukikatwa kwa ruhusa, yeye anakwenda, anagonga kitako cha gogo, inabaki alama: herufi mbili na namba, ndani ya duara. Kule kwenye kizuizi askari hana haja ya maneno mengi. Anachungulia vitako vya magogo. Akiona alama, anainua kizuizi, lori linapita. Asipoiona, dereva anashuka na kuanza kujieleza.

Sasa utaniuliza nyundo ya serikali inafanya nini chini ya kitanda cha mtu. Nitakwambia, ila nivumilie, maana mimi nikianza jambo huwa napitia kwanza kwa majirani.

Ofisi yake ni chumba kimoja, na mlango wa chumba hicho mchwa walikuwa wameumaliza, hadi ukifunga kufuli unajicheka mwenyewe. Kila mkubwa akipita, mkwe wangu anaomba mlango mpya. Fikiria, ofisi ya misitu haina ubao wa mlango. Akaona hapa nyundo itakuja kuibiwa, bora niilaze nyumbani ninapolala mimi. Na kweli, haikuibiwa. Iliazimwa.

Aliyeanza ni binti yangu mwenyewe, yaani mke wake, tunamwita Mama Pacha. Alitaka kupigilia msumari wa kutundikia chandarua. Mume hayupo, yuko porini. Akainama chini ya kitanda akakuta nyundo, tena nyundo hasa, nzito, mpini mzuri. Upande mmoja ina kishoka cha kubandua gome, upande wa pili ndiyo zile herufi. Ukipigilia msumari, pigo la mwisho linaacha alama kwenye mti. Yeye akaona ni urembo tu. Jirani wa kulia akasikia ngo ngo ngo, akachungulia dirishani: mwenzangu, kumbe mna nyundo? Basi, imekwisha hiyo. Mtaa wetu una watu wa kila namna, lakini wenye nyundo walikuwa hawapo. Mimi ninayo, ila mimi ni fundi viatu, nyundo yangu ni ya vimisumari vya soli, ukigongea kitanda kitakucheka.

Ikazunguka ile nyundo kama mwali. Leo iko kwa kinyozi, kesho kwa muuza chai, keshokutwa buchani. Ukitembea mtaani unaona alama ya serikali kila mahali: miguu ya viti, meza ya chai, gogo la kukatia nyama, kibanda cha kuku, mlango wa choo cha yule mzee wa kona ambaye hata salamu anaipima. Kinyozi akawa anawatania wateja, eti kaa bila wasiwasi, kiti changu kimepitishwa na serikali. Hata kibao changu cha kuwambia viatu kilikuwa na alama, pembeni hapo.

Mkwe wangu alipouona ule mlango wa choo alikasirika jioni nzima. Alimwambia mkewe ile si mchi wa kutwangia, ile ni kazi yangu, ni jina langu. Binti akaificha ndani ya gunia la mkaa. Lakini anakuja mama mwenye mtoto mgongoni, anakwambia kitanda kimeanguka tumelala chini, naomba nyundo mara moja. Utamwambia nini? Chumvi unampa, moto unampa, halafu umnyime nyundo? Gunia la mkaa likafunguliwa. Na mume naye akarudi porini, na mambo ya nyumbani mtu akiwa porini hayaoni.

Sasa huko juu, tunakochota maji, palikuwa na mivule. Mikubwa, ile ya zamani, imesimama kuizunguka chemchemi kama wazee wanaongojea kuhukumu jambo. Hairuhusiwi kukatwa, si kwa kibali wala kwa nini, kwa sababu maji yanakaa pale kwa ajili ya kivuli chake. Hilo kila mtu anajua, hata watoto. Asubuhi moja wanawake wakapanda na ndoo zao, wakasimama. Waliona jua mahali ambapo halijawahi kuwa. Walidhani wamepotea njia. Ndipo wakaona visiki, vimefunikwa matawi, utomvu bado unatoka.

Mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa msitu wakati huo, wanazima moto. Huo moto nao, baadaye watu walisema haukujiwasha. Magogo yakaja kukutwa mjini, kwenye uwanja wa mbao. Yalipita kwenye kizuizi mchana kweupe, askari akachungulia vitako, akaona alama, akainua. Alama ilikuwa halali. Namba ilikuwa ya mkwe wangu.

Wakamsimamisha kazi siku hiyo hiyo. Mkubwa wake, mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti lakini macho yake yanakufungua kama kopo, akasema atakuja mwenyewe wiki inayofuata. Akija, apewe maelezo. Asipopewa, atamkabidhi bwana misitu kwa polisi. Na bwana misitu anayeiba miti aliyopewa ailinde, huyo hawamwonei huruma. Unga umemwagika tayari, lililobaki lilikuwa jela.

Nilikwenda kwao jioni ile kula. Afadhali nisingekwenda. Unasikia vijiko tu. Pacha wenyewe wanatazama baba, wanatazama mama, wanarudi kwenye sahani. Nikamuuliza mkwe wangu, baba, nyundo haikutoka mikononi mwako? Akaniangalia, akamwangalia mkewe anavyokula, akasema, "Nyundo ni yangu, baba. Nilikabidhiwa mimi."

Basi nikaelewa. Akisema nyundo ilikuwa nyumbani na mke alikuwa anaiazimisha, mke ataitwa. Ataulizwa alimpa nani na nani, alipata nini. Hakutaka mke wake asimamishwe mbele ya watu. Akaamua kuibeba peke yake. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyokuja kuposa, maana siku ya kuposa alikuja na suruali ya kuazima na maneno mengi.

Kesho yake binti akaja kibarazani kwangu na viatu vya pacha. Nikavigeuza. Havina tatizo hata moja, soli nzima, uzi mzima. Nikajua hapa pamekuja mtu, viatu vimemsindikiza. Nikamwachia kiti, nikaendelea kushona. Mtu mwenye jambo zito ukimkodolea macho analimeza tena.

Akakaa, akavuta pumzi, akasema aliyeiazima nyundo mara ya mwisho ni Breki.

Breki ni dereva wa lori, nyumba ya tatu kutoka kwao. Tulimpa jina hilo kwa sababu lori lake la kwanza halikuwa nazo. Akipita tunapiga kelele, breki, breki, jina likaganda. Mcheshi, mkono wazi, hakuna harusi wala msiba ambao lori lake halikubeba watu. Binti akasema Breki alikuja akasema bodi ya gari imelegea anataka kuigongagonga. Nyundo ikalala kwake. Ikarudi imefutwa, imepakwa mafuta, inang'aa.

"Watu wote wakiirudisha ina matope, ina damu ya nyama, ina sabuni ya kinyozi," akaniambia. "Hakuna aliyewahi kuniletea safi, baba."

Nikamwambia amwambie mumewe. Akaanza kulia, ile ya kimya, ya kujifuta kwa kanga. Akanikumbusha siku ya pacha. Kwani mimi nilisahau? Mchana ule mvua ilikuwa kama imefunguliwa mfereji, njia yote tope, uchungu umemshika, na kila mwenye gari anasema hapiti. Breki alikuwa amepakia saruji ya watu. Alisimamisha, akashusha mifuko, akaiacha pembeni ya barabara inanyeshewa, akamchukua. Na mke wa Breki akapanda nyuma, akakaa juu ya turubai, kichwa cha binti yangu mapajani mwake njia nzima. Tangu hapo wale wawili ni marafiki wa kufa na kuzikana. Wanasuka pamoja, wanateka maji pamoja, hata wakinuniana wananuniana pamoja.

"Nikimtaja Breki, mwenzangu nitamtazama vipi?" akasema. "Nisipomtaja, mume wangu anafungwa."

Hiyo ndiyo nyumba ilivyokuwa. Mume amenyamaza kumlinda mke, mke amenyamaza kumlinda rafiki, na siku za yule mama kuja zinakaribia.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Breki mimi. Nilimkuta chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nikasalimia miguu. Miguu ikaitika, karibu mzee. Nikaiambia ile miguu kwamba sikuja kuzunguka, nimekuja kwa habari ya nyundo. Ikaacha kutikisika. Alipotoka uso umejaa grisi, macho hayana ule utani.

Hakukana. Ila hakukubali. Alikaa juu ya tairi akaanza kuniuliza mimi maswali. Vile vitanda vya mtaani, mbao zake nani alizileta? Paa la muuza chai je? Nani kati yetu aliwahi kumuuliza, Breki, hii mbao nyekundu nzuri, rahisi hivi, imetoka wapi?

"Mlikuwa mnasema asante tu, mzee," akasema. "Leo ndiyo mmejua mti unaota?"

Ni kweli, mtaa mzima tulilalia mbao zake tukapata usingizi mzuri. Nikamwambia lakini Breki, ile ya chemchemi? Akaangalia mikono yake. Akasema wenye mali wa mjini walitaka mivule, hawakutaka kitu kingine, na lori lake lilikuwa limekwama kwao kwa deni. Halafu akasema ana watoto, nami nawajua, na akiingia ndani hao hawana mwingine.

Nikamwambia na mkwe wangu ana watoto. Wajukuu wangu wale.

Akafikiri. Ndipo akaja na wazo, na lazima niseme lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Akasema, mzee, nyundo si ilizunguka kila nyumba? Basi twende wote. Kila mtu abebe kitu chake chenye alama, tukamwonyeshe yule mama kwamba nyundo ilikuwa ya mtaa mzima. Mkwe wako ataonekana mzembe, si mwizi. Na kwa kuwa tuliigusa wote, hakuna wa kushikwa.

Nikatoka pale moyo mwepesi kabisa. Nilikuwa natafuta njia isiyo na wa kuumia, na mtu kanipa. Nikapita nyumba kwa nyumba, na watu wakafurahi, maana wanampenda mkwe wangu, na kwenda wengi hakuogopeshi. Mke wa Breki ndiye aliyesaidia kuwakusanya. Masikini, alidhani anamsaidia tu rafiki yake. Hakuwa anajua zaidi.

Siku ilipofika, ungetuona ungevunjika mbavu. Kinyozi kabeba kiti chake kichwani. Muuza chai na meza. Mwenye bucha na gogo lake, nzi wanalisindikiza. Yule mzee wa kona kang'oa mlango wa choo, kaubeba na mtu wa pili, njia nzima anawakaripia watu wasiugonge. Breki naye kabeba kibenchi cha mtoto wake. Mimi na kibao changu kwapani. Tukajipanga mbele ya ofisi isiyo na mlango kama tunauza.

Yule mama akashuka kwenye gari, na askari polisi mmoja nyuma yake kwa pikipiki. Mkwe wangu amesimama hapo, shati limepigwa pasi, amekonda. Mama akaangalia ile safu. Nikaeleza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mvi nyingi. Nikaeleza chandarua, nikaeleza gunia la mkaa, nikafika hadi kwenye kuku, akaniambia taratibu, mzee wangu, nimeelewa. Akapita kitu kimoja kimoja akiinama kusoma alama. Kwenye mlango wa choo akasimama kidogo, nadhani alikuwa anazuia kucheka. Halafu akaketi kwenye kiti cha kinyozi, kwa kuwa kingine hakikuwepo.

"Nyundo mliiazima wote, nimeamini," akasema. "Mivule mliikata wote?"

Akasubiri. Yule mama alijua kusubiri. Akasema tena, bila kupandisha sauti, kwamba kama hakuna aliyekata, basi aliyekabidhiwa nyundo ndiye wa kuijibia, na askari ameshafika. Nikaona mwenye bucha anainua gogo lake polepole. Mzee wa kona akasema samahani, huu mlango unangojewa nyumbani, kuna watu wana shida. Safu ikaanza kupungua hivyo, kila mtu na chake, bila kuaga. Hata sikuwalaumu. Waliombwa kuja kusema waliazima nyundo, wamekwisha kusema.

Mkwe wangu akasogea mbele. "Mama, waache waende. Nyundo ni yangu." Na akampa askari mikono, vile, kama mtu anayepokea kitu.

Binti yangu alikuwa amesimama bega kwa bega na mke wa Breki. Walikuwa wameshikana mikono, kwa kuwa mke wa Breki alikuwa anamliwaza. Nikamwona anauachia ule mkono. Aliuachia kidole kidole. Akatoka akaenda hadi mbele ya Breki, si mbele ya yule mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeongea na shemeji yake ukumbini.

"Shemeji," akasema, "siku ile uliacha mizigo ya watu kwenye mvua kwa ajili yangu. Sijasahau na sitasahau. Lakini ulikuja wewe kuazima nyundo, ikalala kwako, na ikarudi imepakwa mafuta. Nilikupa mimi, kwa mkono wangu."

Breki akakitua kile kibenchi chini, akakinyoosha vizuri kisiyumbe. Hakututazama sisi. Alimtazama mkewe.

"Nilikwambia nagonga bodi ya gari," akamwambia binti yangu.

"Ndivyo ulivyosema."

"Bodi sikuigonga."

Hayo tu. Hakupiga kelele wala kukimbia. Akaenda mwenyewe kwenye ile pikipiki, na njiani, kwa mazoea tu, akaipiga teke tairi ya mbele kuangalia kama ina upepo.

Alifungwa Breki. Aliwataja na wale wa mjini, mmoja akapatikana, wengine mpaka leo wanapita na magari mazuri. Lori likachukuliwa. Mkwe wangu hakufungwa, ila nyundo walimnyang'anya, wakampeleka kwenye kitalu cha miche, cheo chini, anamwagilia vimche vya mvule vilivyo na urefu wa kidole. Namtania kwamba hivyo vimche sasa hawezi kuvipoteza hata vikikimbia. Anacheka, lakini si sana. Anajua uzembe wake ulikata miti kuliko shoka. Usiku mmoja, binti alinisimulia mwenyewe, mumewe alimuuliza kwa nini hukuniambia mapema. Naye akamjibu, na wewe kwa nini hukuniuliza? Hapo wote wawili wakanyamaza, na safari hii kunyamaza kwao kulikuwa kwa watu waliolala.

Mke wa Breki hakugombana na mtu. Ingekuwa afadhali. Alihamisha njia tu. Binti akipita huku, yeye anapita kule. Viatu vya watoto wake ananiletea mimi, ananiamkia vizuri, anasema vikiwa tayari nimpe muuza chai, atavipitia kwake. Nazishona zile ndala na viatu kwa uzi mbilimbili, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndiyo kitu ninachokijua.

Na maji yamepungua. Chemchemi ilikuwa inajaza ndoo kabla hujamaliza salamu, sasa inatiririka kama uzi wangu wa kushonea. Jua linapiga pale siku nzima. Wanawake wanapanga foleni, wanakaa asubuhi nzima kwenye visiki. Hakuna tena wa kupita huku na wa kupita kule, wote wako palepale wanangojea uzi mmoja wa maji.

Juzi binti yangu kaja hapa kibarazani. Safari hii hakuleta viatu. Akasema ndoo yake ilipojaa alitazama huku na huku, mtu wa kumtwika hakuna, waliobaki ni wasichana wadogo, na nyuma yake kwenye foleni alikuwa mke wa Breki. Akajaribu kuiinua mwenyewe hadi kwenye goti, ikamshinda. Akajaribu tena. Mara akaona mikono imeshika ukingo wa pili wa ndoo. Wakainua pamoja, ikakaa kichwani.

Nikaacha kushona. Nikamuuliza, alisema neno?

"Alisema, shika vizuri."

"Na wewe?"

"Nilishika vizuri, baba."